Mpini kwa Mkono wa Baba

Asubuhi niliyokuwa nafunga begi kurudi Dubai, baba alikuwa kitaluni nyuma ya nyumba, anachonga vijiti vya kuegemeza miche. Nikasikia kitu kimelia "ka!", kisha nikamsikia akisema, "Haya, nawe umeniacha." Nilidhani anasema nami. Nilipochungulia dirishani nikaona anasema na kisu chake. Mpini ulikuwa umepasuka vipande viwili.

Nikieleze kwanza hicho kisu, maana bila kukijua hutaelewa kwa nini kilinisumbua vile. Ni kisu cha kukunja cha kizamani, cha namna rahisi kuliko zote. Mpini wake ni kipande kimoja tu cha mti, kinachozidi kidogo upana wa kiganja. Katikati ya mti huo umechanjwa ufa mwembamba, na ndani ya ufa ndimo bapa linamolala likikunjwa. Pini moja ya chuma inapita kwenye mpini na bapa, na bapa linageuka juu yake. Hakuna springi wala kufuli. Kinacholizuia bapa lisicheze ni mbano wa mti wenyewe. Ufa ukiwa mpana, kisu kinalegea na kukata vidole; ukiwa mwembamba, hakifunguki. Basi, sasa unakijua kisu kizima.

Cha baba kilikuwa na mambo mawili zaidi. Mpini wake ulikuwa na tumbo, umenenepa katikati, kwa sababu vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikunjiki tena vizuri na kitu chembamba kinamponyoka. Halafu mkia wa mpini ulichongwa ukawa mwembamba kama ulimi, wa kuinulia ganda la mche. Baba hubebesha michungwa. Kwetu Muheza kazi hiyo inajulikana, lakini kwa asiyeijua iko hivi: unaotesha milimau, na ikifikia unene wa penseli unachanja ganda lake, unaliinua taratibu kwa ule ulimi, unachomeka jicho ulilolitoa kwenye mchungwa mtamu, unafunga kwa utepe wa nailoni. Jicho likishika, mlimau umekuwa mchungwa. Na kazi hii haifanywi wakati wowote. Inataka mvua, maji yakishapanda shinani na ganda likawa linabanduka bila kulazimishwa. Mvua ikipita ganda linashikamana na mti, milimau inanenepa kupita kiasi, na mwaka umekwenda.

Alishajaribu wembe, kama wanavyofanya vijana, ukamponyoka. Alijaribu kisu cha jikoni, akararua ganda. Kisu chake ndicho kilichokuwa kinambakisha kazini. Nami nilikuwa nimekwisha kuona wazee wenzake walioruka msimu mmoja kwa sababu hii au ile: hakuna aliyerudi kitaluni msimu uliofuata. Walianza kukaa barazani, wakazoea.

"Nipe niondoke nacho," nikamwambia. "Nitakitia mpini kule. Mimi si fundi?"

Akakitazama, akanitazama mimi. "Fundi wa milango."

"Mlango ni kisu kikubwa, baba."

Akacheka, akanikabidhi. Kisha akasema, sasa bila kicheko, "Masika yasinikute sina kisu, mwanangu."

Hayo ndiyo niliyopanda nayo ndege.

Ninaishi mtaa wa International City, chumba tunagawana. Mwenzangu wa kitanda cha pili ni Mkenya wa bara, mlinzi kwenye mnara mmoja wa Jumeirah Lake Towers, mtu wa maneno mengi kwa sababu kazini analipwa kwa kunyamaza. Nilipoliweka lile bapa juu ya kitanda, akaliinua kwa vidole viwili.

"Umetoa hii kitu Tanzania mpaka hapa? Ungenunua mpya hapo chini, bro. Maisha iendelee."

"Cha baba."

"Aa." Akakirudisha polepole. "Sasa utaweka nini?"

Hilo ndilo swali, na nataka ulichukulie kama lilivyo, swali zuri na lisilotisha. Mtu yeyote mwenye msumeno mdogo na subira anaweza kutia kisu mpini. Kigumu ni kuchagua. Unajiuliza mambo matatu: mkono gani utakaoshika, kazi gani itakayofanywa, na hewa gani kisu kitakamoishi. Mimi nilijiuliza mawili ya kwanza.

Nilianza na mfupa wa ngamia, kwa sababu huku unapatikana na ni mweupe wa kupendeza. Ukiupiga tupa unatoa harufu ya jino linalotobolewa, lakini hilo si tatizo. Tatizo ni kwamba ukilowa unateleza, na baba hufanya kazi mikono imelowa. Nikauweka kando. Pembe ya ng'ombe ni nzuri zaidi, haina ubaridi mkononi, lakini huchambuka nyuzi nyuzi ukiiacha, na wadudu wa kwetu wanaipenda. Mpingo niliushika dukani, kinyago kilichovunjika mguu, nikaurudisha. Mzito. Ujaribu kushika kitu kizito kwa vidole vitatu tangu asubuhi hadi adhuhuri uone.

Na ukweli ni kwamba nilikuwa najua ninachokitaka. Mpini wa zamani ulikuwa mti wa mchungwa, wa shamba letu, wa rangi ya samli. Nilitaka baba akishika kisu asihisi kwamba kimekwenda popote. Lakini mchungwa Dubai utautoa wapi?

Niliupata nduguye mtaa wa Al Twar. Kampuni yetu hutengeneza nyumba za watu, na siku hiyo nilipelekwa kwenye nyumba ya bibi mmoja wa ile jamii ya Waunguja wa zamani, walioishi huku miaka mingi na bado wanasema Kiunguja chao kisafi. Mlango wa chumbani kwake ulikuwa umesinyaa kwa kiyoyozi hadi mwanga unapita pembeni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niangalie mlango huu, unaninyima usingizi. We mtu wa wapi?"

"Tanga."

"Aa, bara."

"Tanga pwani, bibi."

"Pwani ya bara." Akacheka peke yake hadi akashika ukuta.

Nilipomaliza mlango nikatoka kukung'uta vumbi uani, ndipo nilipoliona: tawi lililokauka la mndimu, la unene wa kifundo cha mkono. Mndimu, mlimau, mchungwa, hiyo yote ni jamii moja, na mbao zake zinafanana kama ndugu. Nikamweleza bibi habari za kisu. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Chukua mkunazi basi, ule pale umekatwa juzi. Mti mgumu ule."

"Nataka huu, bibi."

"Na kweli. Ukampelekee mzee mti ambao majani yake tunaoshea maiti? Atakwambia unamharakisha."

"Majani, bibi, si mti."

"Mzee hatofautishi." Kisha akausogelea ule mndimu, akaugusa. "Huu nimeupanda mie mwenyewe, nilitaka ndimu za mchuzi. Jua limeuua nusu, sina roho ya kuung'oa. Kata, mwanangu. Lakini hilo tawi bichi uliache, huenda likapona."

Nilikata. Sijui nikueleze vipi harufu ya mti wa mndimu unapopigwa msumeno. Si harufu ya ndimu, ni kama ndimu iliyokumbukwa. Nilibaki nayo puani kwenye metro, nikabaki nayo kwenye basi, na nilipofika kitandani nikanusa kiganja changu kama mtoto. Hata nyumbani kwenyewe sikuwahi kuinusa hivyo, kwa sababu kule ilikuwa kila mahali.

Mpini niliuchonga kwenye karakana ya kampuni, saa za mapumziko. Msimamizi akipita anasema "yalla, yalla," yaani haraka, nami nauweka mfukoni, akienda nautoa. Niliupa tumbo lake, na mkiani ulimi wake. Kwa sababu sikuwa na mkono wa baba pale, nilikunja vidole vyangu viwili kama vyake nikajaribu kushika, nikipunguza hapa, nikiacha pale. Niligundua kwamba naujua mkono ule kuliko nilivyodhani. Nilijua gumba lake linaegemea wapi. Ufa niliuchana mwembamba sana, bapa likaingia kwa mbano mzuri, halitikisiki hata chembe. Nikapaka mafuta ya kitani. Yule Mkenya alikifungua na kukifunga, akifungua na kufunga, hadi nikamnyang'anya.

"Hii mzee ataringa nayo," akasema. "Lakini mti, bro, mti iko na hisia."

Akanionyesha kitu kwenye simu yake, lakini sikumsikiliza. Mtu mmoja wa kwetu Muheza afanyaye kazi huku alikuwa anakwenda likizo, akakitia kwenye begi la kupakiwa chini ya ndege. Masika yalikuwa yamekwisha kuanza.

Simu ya baba ilikuja Ijumaa.

"Mwanangu, kisu kizuri."

"Kinafunguka vizuri?"

"Kizuri sana. Na kinanukia."

"Baba, kinafunguka?"

"Siku ya kwanza kilifunguka."

Mdogo wangu wa kike, ambaye ndiye anayekaa naye, akachukua simu. "Kaka, kimekwama kama mlango wa choo wakati wa mvua. Jana nimekifungua kwa koleo. Baba alinikataza nisikwambie."

Nikaketi. Mimi, ambaye kila wiki nasukumwa kwenda kurekebisha milango iliyosinyaa kwa kiyoyozi, nilikuwa nimechonga mpini ndani ya kiyoyozi. Uelewe jinsi mti unavyofanya: haufi kabisa, hata ukikatwa. Unaendelea kunywa na kukauka kwa kufuata hewa iliyo pale ulipo. Ule mndimu ulikaa kwenye karakana yetu kavu, ukasinyaa hadi mwisho wa kusinyaa, nami nikaupimia ufa wake hapo, kwenye kiu yake. Ulipofika Muheza, mvua inanyesha usiku na mchana, ukanywa, ukanenepa, ukalibana bapa. Na tumekwisha kuona kwamba baba hakihitaji kisu wakati wa jua. Anakihitaji kwenye mvua hasa.

Walijaribu. Mdogo wangu alikining'iniza juu ya jiko la kuni, asubuhi kikafunguka, kufika adhuhuri kimegoma. Nikamwelekeza kwa simu aingize msasa kwenye ufa, apanue. Akapanua. Likatoka jua la mchana mmoja, mti ukakauka, bapa likalegea, likageuka ghafla likamkata baba gumba. Jeraha dogo tu, alisema, na alilifunga kwa utepe wa nailoni uleule wa miche. Lakini mdogo wangu alinong'ona, amesogea pembeni: "Leo hajaenda kitaluni. Amekaa barazani."

Hilo la barazani ndilo nililoliogopa tangu mwanzo.

Nilifikiria kuchonga mwingine, ufa mpana zaidi. Lakini upana gani? Ili kisu kiwe sawa kule, ilibidi kiwe kibovu huku, kilegee mkononi mwangu, nami niamini tu. Na siku ya jua kitamkata tena. Kama ningekuwa nyumbani ningekaa na kile kisu wiki nzima, nikikipunguza kidogo kila mvua inaponyesha, hadi tuelewane. Hiyo ndiyo dawa ya kweli ya mpini wa mti: uwepo pale. Sikuwa nayo. Likizo yangu ilikuwa imekwisha, na nyingine ilikuwa mbali sana kuisema.

Yule mwenzangu alinikuta nimelitazama bati la unene wa bapa, nililolikata kwa umbo lake kabla ya kukituma kisu nyumbani.

"Buda amesema nini?"

Nikamwambia yaliyompata baba.

"Si nilikuambia? Weka kitu haijui mvua." Akatoa simu yake, akanionyesha tena kile alichonionyesha mwanzo nikakipuuza: watu wanatengeneza mipini kwa vitambaa. Unalowesha kitambaa kwenye gundi kali, unapanga tabaka juu ya tabaka, unabana, kikikauka kinakuwa kigumu kama mfupa, hakinywi maji, na ukikipiga msasa hakitelezi, kwa sababu nyuzi za nguo bado zipo. "Ni nguo, boss! Nguo na gundi!"

Akili yangu ikaenda palepale kwenye tamaa ileile. Nikaanza kuwaza nitapata wapi kanga ya zamani, au kikoi cha kwetu, nani anaweza kuniletea.

"Unatafuta nguo ya nyumbani na uko Dubai," akasema, amechoka nami. "Na hiyo?"

Alikuwa ananyooshea kidole msumari wa mlangoni. Hapo ilining'inia ovaroli yangu ya kazi, ya bluu, ile ya zamani, imepauka mabegani, goti moja limetoboka. Niliiangalia kwa muda mrefu. Nilikuwa nimetumia miezi nikitafuta kitu kitakachomfanya baba asihisi kwamba nimekwenda popote. Na nilikuwa nimekwenda. Nguo ile ndiyo nimekuwa ndani yake muda wote huo.

Ukitaka kujaribu, si vigumu, usiogope. Fua nguo vizuri, mafuta yote yatoke, uikaushe hadi ikauke kweli. Ikate vipande vilivyozidi mpini kidogo kila upande. Tumia ile gundi ya makopo mawili inayochanganywa, uvae glavu na ufungue dirisha, maana inaumiza kichwa. Lowesha kila kipande, panga, weka nailoni juu na chini ili isigande na mbao, kisha bana kwa jiliwa, kile kibano cha meza ya fundi, katikati ya mbao mbili. Usibane kwa hasira ukaitoa gundi yote. Bana mpaka ianze kuchungulia pembeni. Iache hadi kesho yake. Utakachokitoa ni tofali dogo baya sana. Usikate tamaa hapo. Nilipoanza kulizungushia tumbo kwa tupa, tabaka zikaanza kujitokeza, mstari wa bluu iliyopauka, mstari wa bluu nzito, zikipinda kufuata umbo kama mistari ya mbao. Harufu haikuwepo. Nilinusa mara kadhaa, na haikuwepo.

Nilikunja tena vidole vyangu viwili. Ufa nikauchana kwa kipimo cha lile bati, na safari hii nikauacha mpini kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi bati likaingia vilevile.

Mpini ulisafiri peke yake na pini yake, kwa kuwa bapa lilibaki nyumbani. Mdogo wangu akaling'oa kwenye ule mndimu, akaligongea kwenye mpini mpya juu ya jiwe la kufulia, na Ijumaa wakanipigia simu ya video. Mvua ilikuwa bado inanyesha, lakini nyembamba, ya mwishomwisho. Niliisikia kwenye majani ya migomba kabla sijaona chochote.

Baba alikuwa amesimama kitaluni, gunia la plastiki begani. Akakigeuza kisu, akakitazama mbele na nyuma.

"Mti gani huu?"

"Si mti, baba. Ni ovaroli yangu ya kazi."

Akakisogeza karibu na macho. Gumba likapita juu ya ile mistari, likarudi. "Umeifua lakini?"

"Nimeifua."

"Haya." Akakifungua. Bapa lilitoka bila sauti. Akakifunga, akakifungua tena, akaangalia juu kwenye mvua kama anayeitegea ifanye lake, kisha akakunja magoti polepole mpaka akafika kwenye mstari wa milimau.

Mdogo wangu alishika simu karibu. Nikaona mkono. Ukaegemeza bapa kwenye ganda. Akachanja. Akageuza kisu, ule ulimi wa bluu ukaingia chini ya ganda, ganda likainuka, jeupe na lenye maji. Jicho likakaa mahali pake.

"Utepe," akasema, mkono nyuma, bila kutazama.

Mdogo wangu ilibidi afunge, kwa hiyo akaiegemeza simu kwenye kitu fulani, nafikiri ndoo. Sasa niliona jani moja la mlimau, kubwa, linadondosha maji, na nyuma yake kiwiko cha baba kikienda na kurudi. Nilitaka kumuuliza kama mpini haumuumizi vile vidole, kama tumbo lake linatosha.

"Baba?"

"Ngoja," akasema, kwa ile sauti aliyokuwa akiitumia nilipokuwa mdogo nikimsumbua kazini.

Nikangoja. Kiwiko kikasogea mche wa pili, kikabaki nusu. Kikasogea wa tatu, kikatoka kwenye kioo. Nikabaki na jani na mvua, na mahali fulani pembeni sauti yake inamwambia mdogo wangu akaze, asikaze sana, hivyohivyo. Hapa chumbani mwenzangu alikuwa amelala baada ya zamu yake ya usiku, kiyoyozi kinavuma. Nikaishusha sauti ya simu kidogo ili asiamke, nikaisogeza sikioni, nikaendelea kusikiliza.